Usiamini Taa za Gari Hili

Karakana ya Mabango,
Nyuma ya duka la vioo, mlango wa buluu.

Kwa Ndugu Mchoraji wa Vijitaa vya Dashibodi,
Kupitia kiwanda cha magari (jina la kiwanda silitaji kwa heshima, lakini wenyewe mnajijua).

YAH: PICHA ZAKO ZIMENITAWANYIA NYUMBA

Ndugu Mchoraji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na mkono wako wa kuchorea hauna tatizo lolote. Mimi pia ni mzima, ukiondoa hayo nitakayoyaeleza hapa chini. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyeyasababisha, nitayaeleza taratibu bila kupandisha sauti.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni mchoraji kama wewe. Nachora mabango. Ukipita mtaani kwetu, ule mkasi mkubwa kwenye ukuta wa kinyozi ni mkono wangu. Yule ng'ombe anayetabasamu juu ya bucha ni wangu pia, na nimewahi kuulizwa anatabasamia nini mahali kama pale, nikajibu kwamba mwenye bucha alitaka hivyo. Kazi yetu mimi na wewe ina sheria moja: mtu akipita mbio, hata kama hajui kusoma, aione picha na ajue ndani kuna nini. Nikichora jino, hakuna anayeingia kuulizia viatu. Kwa hiyo ninapokulalamikia siongei kama dereva asiyejua kitu. Naongea kama fundi mwenzako, tena aliyeumia.

Gari lenu nililinunua kwa mwalimu wa muziki aliyekuwa anahama. Ndani ya kile kisanduku cha mbele nilikuta kitabu cha maelekezo, kinene, kimeandikwa kwa lugha ambayo herufi zake zote ni nzuri na sikuelewa hata moja. Sikukasirika. Nilizipenda mno hizo herufi, hata nikanakili mstari mzima kwenye bango la saluni ya jirani, kwa rangi ya dhahabu. Baadaye akapita mgeni anayeijua lugha hiyo, akasimama, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akatueleza kwamba saluni ile imeandikwa: "Usifungue kifuniko wakati injini ni ya moto." Mwenye saluni amekataa nilifute, anasema wateja wameongezeka. Hilo si lalamiko. Nimelitaja ili ujue kwamba kitabu hakikunisaidia, nikabaki na picha zako tu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. BIRIKA

Siku za mwanzo kabisa iliwaka taa nyekundu yenye picha ya birika. Mimi nimechora mabirika kwenye vibanda vingi vya chai, kwa hiyo birika nalijua: lina tumbo, lina mkono, lina mdomo mrefu, na mdomoni linadondosha tone. Lako lina vyote. Nikashukuru. Nikamwambia mke wangu kwamba hawa watu wametengeneza gari lenye utu, linalomkumbusha dereva apumzike. Tangu hapo kila birika lilipowaka niliegesha pembeni, nikatafuta kibanda, nikaagiza chai. Nikirudi nikalikuta bado linawaka, naongeza kikombe cha pili. Nilikunywa chai kwa utiifu mpaka nikawa silali usingizi, na injini ikaanza kulia kama mtu anayetikisa misumari kwenye kopo.

Fundi wetu wa magari tunamwita Kimya, kwa sababu anaweza kufungua injini nzima na kuifunga bila kusema neno. Alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakiangalia, akaniangalia mimi, akakiangalia tena. Kilikuwa kikavu kama kiberiti. Kisha akasema, na hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizopata kuzisikia kwake: "Mzee, gari halikuambii unywe chai. Linakuambia lenyewe lina kiu."

Ndugu Mchoraji, nakuuliza kwa adabu. Ni nani duniani anayeweka oili kwenye birika? Umewahi kuingia gereji yoyote ukamwona fundi amebeba birika kuelekea kwenye injini? Sisi oili tunaiona kwenye dumu. Ungechora dumu, mimi ningejua, na injini yangu isingepata kikohozi ambacho mpaka leo hakijapona.

2. MSHANGAO

Baada ya birika kutulia ikawaka taa ya njano, yenye kitu kama sufuria iliyopasuliwa katikati, na ndani yake alama ya mshangao. Hapa inabidi nimtaje binti yangu, ambaye ndiye kiini cha barua hii na nitamweleza kwa kirefu mbele. Katika karakana yetu mimi nachora picha na yeye anaandika herufi. Ameniwekea sheria zake, na mojawapo inasema alama ya mshangao haikai peke yake, hukaa nyuma ya neno. "KARIBU!" sawa. "MIKATE YA MOTO!" sawa. Lakini sufuria halafu mshangao, huo ni mshangao wa nini?

Nikaona gari limeshangaa ila linaona haya kusema limeshangazwa na nini. Nikaanza kujichunguza mwenyewe. Nikachomekea shati. Nikaacha kuimba nikiwa naendesha. Nikadhani labda ni mwendo, nikapunguza mpaka baiskeli zikaanza kunipita, na mwenye baiskeli mmoja akageuka kuniuliza kama nahitaji kusukumwa. Mshangao ukabaki palepale. Tulipofika nyumbani mke wangu alishuka, akazunguka gari, akasema tairi la nyuma limekaa chini. Hakuwa ameangalia taa hata kidogo. Aliangalia tairi.

Kuna pia mshangao mwingine, huu mwekundu, umewekwa ndani ya duara, na duara limewekwa kwenye mabano. Kimya ananiambia hiyo ni breki. Sasa naomba unieleze kama msomi: nani anaweka breki kwenye mabano? Kwenye maandishi, kilichomo ndani ya mabano ni kile unachoweza kukiruka na bado ukafika mwisho.

3. UTEPE

Taa ya injini sikuiona kwa muda mrefu, kwa sababu mwalimu wa muziki alikuwa ameibandika utepe mweusi. Nilipoubandua nikaikuta inawaka, na kwa jinsi ilivyotulia, nadhani ilianza kuwaka mimi nikiwa bado natembea kwa miguu. Nikampigia simu mwalimu. Akasema aliifunika isije ikafubazwa na jua. Picha yenyewe sijui ni nini. Mimi naona bomba la bustani, mke wangu anaona kuku asiye na kichwa, na Kimya anasema, "Izoee." Nimeurudisha utepe mahali pake. Hili nalihesabu kuwa lalamiko dogo.

4. MTU MWENYE TUMBO

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na kama umesimama naomba uketi.

Kuna taa nyekundu ambayo umechora mtu aliyekaa, anaonekana kwa ubavu. Kichwa ni duara, mgongo umeegemea, na mbele yake, palepale tumboni, kuna duara kubwa la pili.

Picha hiyo naijua, kwa kuwa niliichora mimi. Nenda kwenye kliniki ya wajawazito ya mtaa wetu uitazame ukutani, juu ya benchi la kusubiria: mama amekaa kwa ubavu, kichwa duara, mgongo umeegemea, tumbo duara. Mkunga mkuu ndiye aliyeniagiza, akasema nisiweke sura, ili kila mama akiitazama ajione mwenyewe. Iko pale tangu binti yangu alipokuwa mchanga. Lini ulipita mtaani kwetu sijui, lakini picha uliiona, ukaichukua bila hodi, ukamnyang'anya mama yule benchi ukampa kiti cha gari. Hilo la wizi nimelisamehe, mafundi huigana. Lakini ukichukua picha ya mtu, ichukue pamoja na maana yake. Mimi niliposema mimba nilimaanisha mimba.

Taa hiyo ilianza kuwaka siku za kwenda sokoni. Nikiendesha peke yangu, haiwaki. Tukipanda watatu, yaani mimi kwenye usukani, mke wangu mbele na kikapu chake, na binti yetu nyuma, inawaka kabla hatujafika kona. Nikafanya uchunguzi kwa utulivu, kama mtu mzima. Nikaanza na mimi mwenyewe. Nina kitambi, nakiri, lakini ni cha siku nyingi na hakijawahi kuwashiwa taa. Nikamwangalia mke wangu. Huyu alikwisha kuzaa kitinda mimba, na naomba ulielewe vizuri neno hilo, maana huenda kwenu halipo. Kitinda mimba ni mtoto wa mwisho, yule aliyezikata mimba zikaisha. Sikulitunga mimi, ni lugha. Tulipompa binti yetu cheo hicho, mke wangu aligawa nguo zote za kitoto kwa majirani, akagawa na beseni la kuogeshea. Kwa hiyo kwa mujibu wa Kiswahili sanifu, mke wangu alikuwa ametoka kwenye hesabu.

Akabaki mmoja. Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa amekaa nyuma anaandika herufi hewani kwa kidole, kama kawaida yake, na mimi nikaona kila kitu kwa macho ya taa yako. Nikaona amenenepa. Nikaona ana siri. Nikaona hata ile K aliyokuwa anaiandika ni K ya mtu mwenye mawazo.

Jambo kama hilo baba halisemi mwenyewe, lina mtu wake, na mtu wake ni shangazi. Dada yangu ana moyo mzuri na hajui kunong'ona. Nilimwambia kwa siri, naye akawaambia wote kwa siri. Kesho yake akaingia karakana na furushi la nepi, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua bango la duka la dawa, akamshika binti yangu mabega na kumwambia, "Mwanangu, sisi hatutakufukuza, tuambie tu mwenye mzigo ni nani."

Binti yangu alikuwa ameshika brashi. Akauliza nani kasema ana mimba. Shangazi yake akanielekezea kidole mimi. Mimi nikalielekezea kidole gari.

Akaiweka brashi chini, akaenda kwenye gari, akawasha swichi, akamwambia shangazi yake akae mbele, akaingiza kichwa dirishani akatazama. Alipotoka alisema, bila kelele, "Baba, huo ni mfuko wa hewa. Gari likigonga unajaa hewa ghafla, unamkinga aliyekaa. Hapo unakuambia una hitilafu." Nikamjibu kwamba sijawahi kuona mfuko wowote mle ndani, na hata kama upo, kwa nini ukae tumboni. Nilidhani hoja hiyo ni nzito. Alizima swichi ya gari. Kisha akasema, "Kwa hiyo taa umeiamini. Mimi hata kuniuliza hukuniuliza."

Neno hilo, Ndugu Mchoraji, ndilo lililonifanya nikuandikie wewe.

Alifunga brashi zake kwenye kitambaa akaenda kukaa kwa bibi yake mzaa mama, upande wa pili wa mji. Lakini kabla hajaondoka alifungua kopo la rangi nyeupe, akainama nyuma ya gari, akaandika kwenye mlango wa buti, kutoka pembe hadi pembe: USIAMINI TAA ZA GARI HILI.

Nataka uelewe ubora wa kazi hiyo. Herufi zimesimama wima, nafasi kati yake ni sawasawa bila kupima kwa rula, na kila moja ina kivuli chembamba chekundu upande wa kulia. Alikuwa analia wakati anaandika, na mstari haukupinda. Nimetoka mara nyingi na kitambaa na tapentaini nikafute. Nasimama pale, natazama ile Z jinsi ilivyokunjwa, narudi ndani.

Matokeo yake barabarani unaweza kuyakisia. Nikiwasha taa ya kugeuka kulia, walio nyuma yangu wanangoja nigeuke kushoto. Nikifunga breki, hawaniamini mpaka wanigonge. Juzi trafiki alinisimamisha akauliza ni taa zipi hizo zisizoaminika. Nikamwambia za ndani. Akasema nimwonyeshe. Mke wangu alikuwemo, kwa hiyo mtu mwenye tumbo alikuwa anawaka vizuri kabisa. Trafiki akamtazama, akaniuliza ndani ya gari hili mjamzito ni nani. Nikamwambia, "Afande, hilo ndilo swali lililovunja nyumba yangu." Alinirudishia leseni akaniambia niende, na sauti yake ilikuwa ya kunihurumia.

5. MABANGO MABUBU

Tangu binti yangu aondoke natoa mabango yenye picha tupu, kama zako, na sasa nayaona mateso uliyonipa yakiwapata wateja wangu. Mwuza magodoro nilimchorea mtu amelala fofofo, mikono kifuani, uso umetulia. Picha nzuri. Lakini bila maneno watu wanapita pale wameinamisha vichwa, wanadhani panauzwa majeneza, na mama mmoja aliingia akampa pole. Nikajaribu kuandika mwenyewe MAGODORO. Nafasi ikaniishia kwenye D, nikapandisha zilizobaki juu. Sasa wanaulizia bei ya "oro".

Hilo ni la biashara. Kuna la pili, na nalisema wazi kwa kuwa barua ya kiofisi inatakiwa kusema mambo wazi. Karakana imepoa. Kuna kiti chake karibu na dirisha, kina matone ya rangi ya kila bango tuliloandika pamoja, na hakuna anayekikalia. Mara kwa mara nageuka kumuuliza kama neno fulani lina h au halina, nakuta nauliza kiti. Nimemtumia ujumbe kwa simu, akajibu kwa kunisahihisha tahajia, basi. Namkumbuka binti yangu. Mchoraji humnyang'anya mwenzake mteja, lakini wewe umeninyang'anya mtoto, na hata jina lake hulijui.

6. KITI CHA MBELE

Ukadhani umemaliza, hujamaliza. Gari lenu sasa limeanza kumdhuru na mke wangu.

Mwanamke huyu nimeishi naye ndani ya harufu ya rangi na tapentaini tangu tulipooana. Hajawahi kukunja pua. Tangu tupate gari hili, nikimkaribia na nguo za kazi anakimbilia dirishani. Maana yake kuna hewa inayotoka kwenye viti vyenu. Zamani alikuwa anakaa nyuma na binti yake wakipiga soga. Siku hizi anasema kule nyuma kunamtia kichefuchefu, lazima akae mbele, kioo kiwe chini, na mkononi awe na ndimu. Anainyonya ndimu na chumvi, bila hata kukunja uso, mimi ndiye ninayeukunja. Kabla hatujafika sokoni ameshalala, mdomo wazi. Akiamka analia. Wiki iliyopita alilia kwa ajili ya tangazo la sabuni redioni, akasema yule mtoto wa kwenye tangazo ana sauti inayomgusa.

Nimemuuliza shida ni nini. Akasema labda ni umri unabisha hodi, atakwenda kupima. Mimi nasema ni kiti. Tena hata mkanda wa kiti hicho umeanza kupungua, mwanzo ulikuwa unamtosha na sasa unambana, jambo ambalo linaonyesha mnatumia kitambaa kinachonywea. Kimya naye anashikilia kwamba chini ya kiti kuna waya, mtu akikaa unabanwa, na ndio unaowasha ile taa ya tumbo. Nimemwambia aache kukutetea.

Kwa hayo yote, Ndugu Mchoraji, naomba nitendewe haki ifuatayo. Kwanza, umwandikie binti yangu barua yenye muhuri, ukiri kwamba picha yako ni ya uongo, kwamba hakuna mjamzito wala hajawahi kuwepo mjamzito ndani ya gari langu, na kwamba baba yake alipotoshwa na mtaalamu. Andika kwa herufi zilizonyooka, maana ataangalia nafasi kabla ya kusoma maneno. Pili, mkanda na kiti cha mbele vibadilishwe kabla mke wangu hajamaliza ndimu zote za sokoni. Tatu, mama yangu wa kliniki arudishwe. Mtoe kwenye magari yenu yote, mahali pake pawekwe maneno, yaandikwe tu: "Mfuko wa hewa mbovu." Mkikosa mtu wa kuyaandika, namfahamu mmoja. Hakuna anayemfikia kwa herufi upande wote huu, na sisemi hivyo kwa sababu ni wangu.

Nisalimie wote hapo kiwandani: wanaofunga nati, wanaopiga rangi, mlinzi wa getini, na hasa yule aliyeandika kitabu, mwambie saluni inaendelea vizuri. Shangazi mtu anakusalimu na anauliza kama una watoto. Kimya hakusema kitu, lakini alitikisa kichwa. Mke wangu naye angekusalimu, ila ametoka asubuhi na hajarudi.

Ni mimi mwenzako wa brashi, ninayengoja jibu nikiwa nimeegesha,

Mchora Mabango
(picha tu, herufi hazipatikani kwa sasa)

Tanbihi: Barua ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha, mke wangu alipofika karakana. Nimelazimika kuitoa.

Alikwenda kupima lile suala la umri. Anasema aliketi kwenye benchi la kliniki, akainua macho akaiona picha yangu, akaitazama weee, halafu akajitazama yeye. Alipoingia ndani, mkunga mkuu, yuleyule aliyeniagiza picha, ingawa siku hizi kichwa ni cheupe chote, akamwambia umri haupigi mateke.

Nilikaa chini palepale, juu ya kopo la rangi. Lilikuwa wazi. Nilipoweza kusimama niliendesha moja kwa moja hadi kwa mama mkwe, na suruali ikiwa buluu kwa nyuma, nikamkuta binti yangu uani anaosha vyombo. Nikamwomba msamaha kabla hata ya salamu. Nikamwambia nilitazama taa badala ya kumtazama yeye, na aliyekuwa amekaa mbele na ndimu yake nikamruka kabisa. Akauliza, "Mbele alikaa nani?" Nikachora duara hewani kwa kidole, palepale tumboni. Akaiacha sufuria izame. Alicheka, akalia kidogo, akacheka tena, halafu akaniuliza sasa yeye ataitwa nani, maana cheo cha kitinda mimba kimeshapata mtu. Kiswahili hakikutuandaa kwa hili.

Kwa hiyo malalamiko namba nne, tano na sita nayafuta, na mkanda wa kiti hauna kosa. Kimya bado anasema ni waya. Nimemwambia aukaze leo leo, kwa sababu nimeshaelewa kwamba mfuko ule kazi yake ni kumkinga aliyekaa mbele, na siku hizi mbele wanakaa wawili. Mama wa kliniki mnaweza kubaki naye. La birika sibanduki. Birika ni birika.

Binti yangu amerudi na brashi zake. Kabla ya kuingia ndani alikwenda nyuma ya gari, akachanganya rangi mpaka ikalingana na ya buti, akainama. Nikajua anafuta maneno yote, na nikasikitika kwa ajili ya ile Z. Hakufuta yote. Amefunika herufi tatu tu za mwanzo, na tangu leo kila anayetufuata barabarani anasoma: AMINI TAA ZA GARI HILI.